Sura ya Tano: Wenyeji Waliokosa Makao Kwao

Liko swali moja linaloulizwa barazani, darasani na bungeni, aghalabu na watu wema wasio na inda na mtu yeyote. Ikiwa sisi sote ni Waafrika, husema, na ikiwa babu zetu sote wamelala katika udongo huu, yawaje watu wachache miongoni mwetu waitwe jamii za asili, kisha wadai haki ambazo majirani zao hawazidai? Mkikuyu, Msukuma na Mdigo wao ni wageni? Na maadamu serikali zetu ziliapa kumtazama kila raia kwa jicho moja, kuanza tena kuwapambanua watu kwa makabila si kurejea hila ile ile iliyotumiwa na watawala wa kigeni kututenga?

Anayeuliza hivyo hastahili kukemewa, kwa sababu nchi zetu zimekwisha kuona damu ikimwagwa kwa ajili ya kabila, na hofu ya mambo hayo ni hofu ya haki. Astahili kuelezwa mambo yalivyokuwa. Nitayaeleza kwa kuwatazama hasa Waogiek wa msitu wa Mau, katika nchi ya Kenya, ambao kisa chao nakiona kuwa ndicho kilicho bayana kuliko vyote, na njiani tutawapitia wenzao wa Boni, Bwindi na bonde la Yaeda, ambao waliyoyapata yafanana na ya Waogiek kwa mengi.

Maana ya kuitwa jamii ya asili

Huko Australia au Marekani maana ya jina hili haina shida: wenyeji ni wale waliokutwa na Wazungu walipowasili kwa majahazi yao, na wengine wote ni waliokuja baadaye. Kwetu hesabu hiyo haifai, kwani makabila yetu yamehamahama na kuchanganyika kwa karne nyingi, na mwenye kutafuta nani alitangulia atapotea njiani. Kwa hiyo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yaani chombo cha bara letu chenye makao yake Banjul, Gambia, kinachoangalia kama serikali zinatimiza mkataba wa haki zilioutia sahihi, ilipokea mwaka 2003 taarifa ya wataalamu wake iliyoliweka suala la kutangulia kando, ikauliza mambo mengine:

- Je, maisha ya watu hawa yategemea ardhi fulani na mazao yake ya porini kiasi kwamba wakiondolewa hapo, mila yao nayo huondoka?
- Je, maishilio yao yatofautiana mno na ya walio wengi, hata yakawa hatarini kutoweka?
- Je, wamedharauliwa na kusukumwa kando katika utawala, elimu na mali ya nchi?
- Je, wao wenyewe hujitambua kuwa ni jamii mbali?

Kwa kipimo hiki Mkikuyu si mgeni, wala hakuna aliyesema kuwa ni mgeni. Mila yake iliumizwa na ukoloni, lakini alipopata uhuru alikuta sheria ya nchi yaielewa kazi yake ya jembe, na yaelewa maana ya shamba lake. Wawindaji na warina asali, pamoja na baadhi ya wafugaji, walikuta sheria isiyowaelewa. Serikali zetu zenyewe hazikuwa na kauli moja juu ya jambo hili: Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili tarehe 13 Septemba 2007, kwa kura 144, Tanzania iliunga mkono, na Kenya na Burundi zikajizuia kupiga kura.

Kwa ufupi, jina hili lahusu namna ya kuishi na namna ya kudhulumiwa. Halimpi mtu cheo cha kuwa Mwafrika zaidi ya mwenziwe.

Milki isiyo na ua

Msitu wa Mau umekaa juu ya ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa, na ukubwa wake wakisiwa kuwa kama hekta 400,000. Humo hutoka mto Mara, unaonywesha nyumbu wa Maasai Mara na Serengeti kabla ya kumwaga maji yake katika ziwa Victoria, na hutoka pia Ewaso Ng'iro ya kusini, unaoteremka hadi ziwa Natron nchini Tanzania. Katika msitu huo Waogiek wameishi kwa asali na kwa mawindo tangu zamani zisizokumbukwa, wakitundika mizinga ya magogo juu ya miti, na wakitega perere na paa.

Asiyewajua hudhani kwamba watu wa namna hii huzurura tu porini kama wasio na mpaka. Kinyume chake ndicho kweli. Kila ukoo ulikuwa na ukanda wake wa ardhi, uitwao konoito, ulioanzia pembezoni mwa msitu, katika nchi ya chini yenye joto, ukapanda hadi vileleni penye baridi na mianzi. Na sababu ya kuupanua kwa kwenda juu badala ya kando ni kwamba maua hayachanui kwa wakati mmoja, hivyo nyuki walipomaliza maua ya chini, ukoo ulipanda kwenye maua ya kati, kisha ya juu, na mwaka mzima haukukosa asali. Mtu wa ukoo mwingine hakurina humo bila idhini. Asali yenyewe ilikuwa chakula, dawa na kinywaji cha wageni, ilikuwa sehemu ya mahari, na ilitumika katika dua na matambiko, kiasi kwamba ndoa, tiba na ibada vyote vilifungamana na ukanda ule wa miti.

Msomaji wa Pwani hatapata taabu kulifahamu jambo hili. Bahari haina ua wala matuta, lakini wavuvi wa mtaa mmoja wote wajua ni wapi penye madema ya nani, na mtu asiyehusika akienda kuyainua ataitwa mwizi mbele ya wazee.

Sasa watawala wa Kiingereza walipokuja na kanuni zao za ardhi, walikuwa na alama walizozitafuta ili kumtambua mwenye milki: shamba lililolimwa, boma la ng'ombe, kijiji chenye nyumba za kudumu. Waogiek hawakuwa na hata moja. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyofanya kazi yake baina ya 1932 na 1934, iliwagawia makabila mengine maeneo yao ya hifadhi, lakini juu ya watu wa msituni, walioandikwa kwa jumla kwa jina la Dorobo, ilishauri kwamba wahamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa waliyokaribiana nayo, wapate kuchanganyika nao. Maana ya shauri hilo ni kwamba hawakuhesabiwa kuwa ni watu wenye kwao. Msitu ukawa mali ya Serikali, na mwenye msitu akawa mvamizi wa msitu wake.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ndilo kiini cha sura yote. Umaskini wa Waogiek haukutokana na ujinga wala na uvivu, na haukutokana na kupenda ukale. Ulianza siku ile kalamu iliposhindwa kuiona milki isiyo na ua, na vizazi vilivyofuata vimekuwa vikilipa gharama ya upofu huo.

Sheria sawa juu ya hali zisizo sawa

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 bendera ilibadilika, walakini ramani ya misitu haikubadilika. Serikali mpya ilirithi msitu kama ilivyorithi ofisi na reli, na sheria ikasema kwa usawa wote kwamba hakuna mtu, wa kabila lolote, aruhusiwaye kukaa katika msitu wa Serikali. Maneno hayo yasikika ya insafu. Lakini mtu wa mbali aliyekatazwa kukaa Mau alipoteza kitu ambacho hakuwa nacho, ilhali Mogiek alipoteza nyumba, chakula, dawa na kaburi la baba yake kwa amri moja. Vivyo hivyo mwaka 1977 Kenya ilipopiga marufuku uwindaji wote, kwa kusudi jema la kuwaokoa wanyama, tajiri wa mjini alikoseshwa mchezo wake, na Mwaweer wa msitu wa Boni, kule Lamu, ambaye sisi watu wa Pwani tulizoea kumwita Mboni, akakoseshwa kitoweo cha watoto wake. Na huyo Mwaweer alikuwa amekwisha kutolewa ndani ya msitu katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya Serikali na waasi walioitwa mashifta, akawekwa katika vijiji vya kando ya barabara.

Ingekuwa heri kama Mau ungehifadhiwa kwa kweli baada ya wenyewe kuzuiwa. Haikuwa hivyo. Magogo yalikatwa kwa leseni. Ardhi ikagawiwa, mara nyingine kwa hoja ya kuwapa makao Waogiek hao hao, lakini viwanja vingi vikaangukia mikononi mwa watu wengine wenye nguvu zaidi. Na mwaka 2001 Serikali ikatangaza kuyaondoa makumi ya maelfu ya hekta katika hifadhi ya misitu. Mito ilipoanza kupungua na nchi ikashikwa na fadhaa, Oktoba 2009 Waogiek wakapewa ilani ya siku 30 watoke msituni pamoja na walowezi, kana kwamba aliyetundika mzinga na aliyeleta msumeno ni watu wa kosa moja.

Siwezi kuwalaumu wanaoililia Mau, kwa kuwa bila msitu huo mamilioni ya watu watakosa maji, na mhifadhi mwenye nia safi ni rafiki wa nchi. Ila namwomba ayatazame masilahi ya mrina asali: mzinga hauzai pasipo mti, na mti hauzai pasipo maua, basi ni nani mwenye sababu kubwa zaidi ya kuutaka msitu usimame?

Abadilipo chakula, je, hubadili nasaba?

Hapa yazuka swali la pili, ambalo ni gumu zaidi kuliko la kwanza. Waogiek wengi leo hulima mahindi na viazi, hufuga ng'ombe, huvaa kama sisi, hupeleka watoto shule na huenda kanisani. Je, bado ni watu wa msitu?

Mahakama mbili zimelijibu swali hili kwa namna mbili. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Kenya, katika shauri la Waogiek wa Tinet, sehemu ya Mau, iliwanyima haki waliyoidai, na moja ya sababu zake ilikuwa kwamba watu hao walikuwa wamekwisha kuacha maisha ya kale, wakawa wakulima na wenye masoko, kwa hiyo hawakuhitaji tena kukaa msituni. Miaka 17 baadaye Serikali ilitoa hoja ya jamaa hiyo mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, nayo mahakama hii haikuikubali: ilisema kwamba jamii kubadilika kwa kupita wakati hakuifanyi ikome kuwa jamii ile ile.

Mimi nauona uamuzi wa Arusha kuwa ndio wa haki, na sababu yangu ni nyepesi. Mswahili wa leo hasafiri tena kwa jahazi kwenda Bara Hindi, na hakuna hakimu atakayemwambia kwamba kwa hiyo amepoteza haki ya msikiti na makaburi ya Lamu. Mkulima akinunua trekta hupongezwa kwa maendeleo. Yawaje mrina asali peke yake atakiwe abaki katika ngozi ya perere ili aaminiwe kuwa ni yeye? Tena mabadiliko mengi aliyoyafanya aliyafanya kwa kulazimika: alilima kwa sababu alizuiwa kuwinda, na alijenga kando ya barabara kwa sababu nyumba yake ya msituni ilichomwa moto. Kumnyang'anya mtu maisha yake, kisha kumhukumu kwa kuwa hayaishi tena, ni dhuluma juu ya dhuluma.

Utambulisho wa mila, yaani yale yote yanayomfanya mtu ajijue kuwa ni nani na ni wa nani, hukaa katika lugha, katika majina ya ukoo, katika ada za ndoa na za mazishi, na katika mahali. Mengi ya hayo yaweza kuhimili mabadiliko. Ni mahali tu ambapo, pakitoweka, yaliyobaki hushikwa na udhaifu baada ya kizazi kimoja au viwili.

Misaada isiyoanzia kwenye ardhi

Serikali nyingi zimefanya juhudi za kuwasaidia watu hawa, na sidhani kwamba juhudi hizo zilikuwa za hila. Mwaka 1964 na 1965 Serikali ya Tanzania, kwa huruma ya kweli, iliwakusanya Wahadzabe, wawindaji wa bonde la ziwa Eyasi, katika makazi ya Yaeda, ili wapate chakula cha shamba, shule na dawa. Watu waliozoea kuishi makundi madogo madogo wakasongamana mahali pamoja, maradhi yakaenea, wengi wakafa, na waliosalia wakarudi porini. Nchini Uganda, misitu ya Bwindi na Mgahinga ilifanywa mbuga za taifa mwaka 1991, Batwa, watu wa misitu hiyo, wakatolewa, na ndipo vyama vya hisani vilipokuja na nguo na mbuzi. Leo mtalii hulipa mamia ya dola apate kumwona gorila kwa saa moja, katika msitu ambao Mtwa akiingia bila kibali hukamatwa. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilikiri kwamba watu hao hawakulipwa fidia ya kutosha, na kwamba kutolewa kwao kuliwaacha bila ardhi.

Burundi ilichagua njia nyingine. Katiba yake iliwatengea Batwa viti 3 katika Bunge na 3 katika Seneti, jambo la heshima ambalo majirani wangelifaa kuliiga. Lakini mbunge ambaye watu wake hawana hata pa kupanda muhogo huingia barazani akiwa na sauti bila nguvu.

Lililo bora, katika haya niyajuayo, lilitendeka kimyakimya katika lile lile bonde la Yaeda. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, ya mwaka 1999, yaruhusu kutolewa kwa hati ya hakimiliki ya kimila, yaani cheti cha kisheria kinachotambua umiliki wa ardhi uliotokana na desturi. Aghalabu hati hiyo hupewa mtu mmoja au familia. Mwaka 2011 ilitolewa kwa Wahadzabe kwa pamoja, kwa eneo la zaidi ya hekta 20,000, wakati ambapo watu wote wa kabila hilo walikadiriwa kuwa kama 1,300 tu. Kwa kuwa msitu wao sasa ulikuwa na mwenyewe, uliwezekana kuingizwa katika biashara ya hewa ya ukaa, ambamo makampuni ya mbali hulipa ili miti isikatwe, na fedha hizo zikalipia walinzi wa vijijini, matibabu na ada za shule. Elimu na dawa vilikuja, kama vile ilivyotakiwa mwaka 1964, ila safari hii vilikuja nyuma ya ardhi, na kwa fedha ambazo wenyewe walikuwa na kauli juu yake. Taabu hazijaisha, maana mifugo ya majirani na mashamba mapya bado huwasonga. Lakini akija mvamizi, Mhadzabe ana karatasi ya kumwonyesha afisa wa wilaya.

Hukumu ya Arusha na deni la jirani

Tarehe 26 Mei 2017 majaji wa Arusha walitoa hukumu kwamba Kenya imevunja haki za Waogiek kwa kuwatoa katika ardhi yao, na kwamba kuharibika kwa Mau kulisababishwa na wavamizi wengine pamoja na Serikali yenyewe kwa kugawa ardhi na kutoa leseni za ukataji, hivyo uhifadhi haukuwa sababu ya haki ya kuwafukuza. Tarehe 23 Juni 2022 walitaja fidia: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali, na 100,000,000 kwa machungu ya moyo, ziwekwe katika mfuko wa maendeleo ya jamii. Ni fedha nyingi kuzitaja. Mahakama ilikadiria Waogiek kuwa kama 20,000, na ukizigawa kwa idadi hiyo kila mtu hafikishi shilingi elfu nane, basi asidhani mtu kwamba walioshikilia shauri hili tangu 2009 walikuwa wakiwania pesa. Amri iliyo kubwa ni nyingine: kwamba ardhi yao ipimwe, iwekewe mipaka, na itolewe hati kwa jina la jamii. Mali ya pamoja si jambo geni kwa sheria za Kenya, kwani Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 63, yaitaja ardhi ya wawindaji na warina asali kuwa ni ardhi ya jamii.

Pamoja na hayo, Novemba 2023 nyumba za Waogiek wa upande wa Narok zilibomolewa tena, na watu mamia wakalala nje katika msimu wa mvua.

Kati ya sababu zinazoichelewesha hati hiyo ya ardhi, iko moja ambayo haipendezi kutajwa, nayo ni ya kweli. Mau sasa ina wakulima wengi wa makabila mengine, na miongoni mwao wamo maskini waliouza mbuzi na shamba la urithi ili wanunue ekari mbili kwa mtu aliyekuwa na cheti chenye muhuri wa Serikali. Hao nao wana watoto. Mwogope sana mtu akuambiaye kwamba haki ya Mogiek haiwezekani bila machozi ya Mkipsigis au Mkikuyu, kwa maana ndiye atakayewagombanisha wote wawili akabaki na msitu.

Majaji waliliona hilo. Waliamuru kwamba penye mtu mwingine aliyepewa ardhi ya Waogiek, Serikali iwakutanishe wahusika, wapatane kama atabaki kwa kupanga au kwa kugawana faida. Na wasipopatana, Serikali imlipe huyo mtu na kuirejesha ardhi kwa Waogiek. Nayaona maneno haya kuwa ya hekima, kwa kuwa yamweka mdaiwa mahali pake. Mnunuzi aliyeamini muhuri hakukosa, na mrina asali hakukosa. Cheti kilitolewa na ofisi, ofisi ni ya Serikali, na hazina ya kulipia cheti kibaya yajulikana iko wapi.